Siku Baada ya Karmeli: Namna ya Kukabili Hofu na Kuvunjika Moyo Baada ya Ushindi Mkubwa wa Kiroho

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye juma lililopita alisimama jukwaani, au alikesha katika maombi, au alimaliza mfungo wa siku nyingi, akayaona kwa macho yake mambo aliyoyaomba kwa miaka, na leo amelala akiutazama ukuta, moyo umemwishia, anashtuka hata simu inapoita. Nawalenga wahubiri wa vijijini, waimbaji wa kwaya, wazee wa kanisa na waombaji wa Dodoma na wilaya zake, kwa sababu nimetumika nao kwa muda mrefu na nimeliona jambo hili likijirudia: mkutano wa injili wa siku saba unakwisha Jumapili jioni kwa vigelegele, na ifikapo Jumatano yule aliyeuongoza hatoki nje. Watu husema amepoa, au husema adui amempiga, lakini ni wachache sana wanaouliza kama amekula.

Mimi mwenyewe yalinipata miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mwezi wa Septemba, wakati mavuno yameshaingia ghalani na watu wana nafasi ya kukaa mkutanoni hadi usiku. Siku ya sita watu walileta hirizi zao kwa hiari wakazichoma mbele ya wote, na familia mbili ambazo hazikuwa zikisalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba zilipatana huku machozi yakiwatoka. Nilirudi nyumbani nikiimba. Jumanne usiku ukaingia ujumbe katika simu yangu kutoka namba nisiyoijua, sentensi moja tu, kwamba mwaka hautakwisha kabla sijajutia niliyoyafanya. Mimi niliyesimama mbele ya mamia ya watu bila kutetemeka nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa ndani siku nne, nikamwagiza mke wangu awaambie wageni kwamba ninaumwa. Katika siku hizo nne nilianza mfungo mwingine juu ya uchovu niliokuwa nao, niliujibu ule ujumbe usiku wa manane kwa maneno makali, na niliandika barua ya kuomba kuachishwa huduma. Karibu kila nililolifanya lilikuwa kinyume cha lile lililonipasa, na kinyume hicho ndicho kilichonifundisha haya ninayoyaeleza hapa.

Lililompata Eliya

Habari inayotufaa kuliko zote iko katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 18 na ya 19, na ninakusihi uzisome kama sura moja, kwa maana wengi wetu tumezoea kuihubiri ya 18 na kuiharakisha ya 19. Baada ya ukame mrefu, Eliya alisimama juu ya Mlima Karmeli peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Aliijenga upya madhabahu iliyovunjika kwa mawe kumi na mawili, akachimba mfereji, akapanga kuni, akaagiza maji yamiminwe mara tatu, akaomba, na moto ukashuka, na wale manabii wa Baali wakakamatwa na kuuawa. Kisha akamwambia mfalme Ahabu aende akale na kunywa, kwa kuwa mvua inakuja. Ahabu akaenda kula. Eliya hakwenda kula. Alipanda hadi kileleni, akainama na kuweka uso wake kati ya magoti, akamtuma mtumishi wake mara saba kuitazama bahari hadi kikaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Mvua ilipoanza, akajifunga kiuno akapiga mbio mbele ya gari la mfalme mpaka Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 25, na hii baada ya siku nzima ya jua, mawe na damu.

Ndipo ukaja ujumbe wa malkia Yezebeli, kwamba kesho wakati kama huu atakuwa amemfanya kama mmoja wa wale waliokufa. Nimeutafakari sana ujumbe huo. Mtu aliyeazimia kuua hamtumii adui yake taarifa ya siku moja kabla, hutuma askari. Mimi naamini Yezebeli alijua kwamba kumwua Eliya mbele ya watu waliotoka kuuona moto ni hatari kwake, kwa hiyo alichohitaji ni Eliya akimbie mwenyewe, na hilo alilipata kwa maneno matupu. Eliya akaenda hadi Beer-sheba, umbali wa kilomita zipatazo 150, karibu sawa na kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani ambacho kivuli chake ni chembamba mno, akaomba afe.

Sasa angalia Mungu alivyomtendea, na uangalie hasa utaratibu, kwa kuwa mwongozo huu wote umesimama juu ya utaratibu huo. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia, “Inuka, ule,” na kando ya kichwa chake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Baada ya hapo akatembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Huko ndiko alikoulizwa swali, akapewa nafasi ya kusema yote, akaisikia sauti ndogo, akapewa kazi, na mwisho akapewa mtu wa kufanya naye kazi hiyo. Swali halikutangulia mkate, wala kazi haikutangulia usingizi. Sisi huanza na kazi. Tukimwona ndugu ameanguka chini ya mretemu wake, tunampangia zamu ya mkesha.

Siku tatu za kwanza ni za mwili

Lala. Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikwa katika mwongozo wa mambo ya kiroho, lakini ndilo wanaloshindwa wengi, kwa sababu mtu aliyezoea kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku kumi huona haya kulala mchana wakati majirani wako kazini. Mwombe mtu mmoja unayemwamini, mke au mume wako, au jirani wa karibu, akae na simu yako kwa siku hizo, awapokee wanaopiga, na akuletee tu yale yasiyoweza kungoja. Ikiwa ulikuwa umefunga kwa siku nyingi, usikimbilie nyama choma na pilau la kupongezwa. Anza na uji mwepesi wa uwele au wa mtama, kidogo kidogo, kisha ugali laini na mlenda, na ule mlo kamili baada ya siku kadhaa, kwa maana mwili uliokaa muda mrefu bila chakula hudhurika ukishibishwa kwa ghafla. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa kila siku anapaswa kuzungumza na daktari kabla hata ya kuanza mfungo. Kunywa maji ya kutosha. Jua la Dodoma na upepo wake mkavu wa kiangazi humkausha mtu bila yeye kutambua, na aliyekaukiwa na maji huumwa kichwa na kuona giza moyoni, akadhani anapambana na mapepo.

Samsoni naye, baada ya kuwapiga watu 1,000 pale Lehi, alishikwa na kiu hata akamlilia Mungu kwamba sasa atakufa, na Mungu akapasua mahali penye shimo yakatoka maji. Hakukemewa kwa kuwa na kiu.

Katika siku hizo tatu usiamue jambo lolote kubwa. Usiandike barua ya kujiuzulu huduma, usiahidi mkutano mwingine, usivunje uhusiano na mtu, usijibu matusi wala vitisho. Barua yangu ile ya kuomba kuachishwa ilimfikia mchungaji wangu, naye akaiweka mfukoni kwa majuma matatu bila kumwonyesha mtu, kisha akaniuliza kama bado naitaka. Sikuitaka. Ninamshukuru mpaka leo, lakini si kila mtu ana mchungaji wa namna hiyo.

Kuhusu vitisho vyenyewe, si sahihi kuvichukulia vyote kama maneno matupu, hata kama nimesema hivyo juu ya Yezebeli. Usiufute ujumbe. Mwonyeshe mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, mweleze kiongozi wako wa kanisa, na ikiwa umetajiwa kuuawa, kuchomewa nyumba au kudhuriwa familia yako, nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa. Kufanya hivyo si kukosa imani, kwa kuwa hofu iliyokabidhiwa kwa watu wanaopaswa kuishughulikia hupungua uzito, na ile iliyofichwa chini ya mto hukua kila usiku.

Pale mtu anaposema heri afe

Eliya aliomba roho yake iondolewe. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mtumishi wa Mungu leo, wengi wetu huyafunika kwa sababu ya aibu ya kanisa. Usiyafunike. Ikiwa wewe ndiye unayeyawaza, mwambie mtu leo hii, kabla jua halijazama. Ikiwa ni ndugu yako aliyeyasema, usimwache peke yake, ondoa karibu naye kamba, sumu za shambani na dawa, umsindikize hadi zahanati au hospitali. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na inanisikitisha kwamba jina hilo limegeuzwa kuwa tusi mitaani, wakati pana watu waliosomea kuitibu huzuni iliyozidi nguvu za mgonjwa. Huzuni inayoendelea kwa zaidi ya majuma mawili, pamoja na kukosa usingizi au kulala mno, kukosa hamu ya chakula na kutoona maana ya jambo lolote, inahitaji macho ya daktari hata kama maombi yanaendelea. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili. Malaika alileta mkate uliookwa kwa makaa, naye angeweza kumtia Eliya nguvu kwa neno tu.

Usimwache mtumishi wako Beer-sheba

Kosa lililomgharimu Eliya kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni lile la kumwacha kijana wake mjini na kuingia jangwani peke yake. Kule Horebu anasema kwamba amesalia yeye tu, na analisema mara mbili. Lakini hakuwa peke yake, na alilijua hilo. Siku chache kabla ya Karmeli, Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, alikuwa amemweleza kwa kinywa chake jinsi alivyowaficha manabii 100 katika mapango, hamsini hamsini, akiwalisha kwa chakula na maji. Eliya alisikia, kisha hofu ikaifuta hesabu hiyo kichwani mwake. Mungu alipomjibu hakumpa mahubiri juu ya upweke. Alimpa idadi, watu 7,000 katika Israeli ambao hawakupiga magoti mbele ya Baali.

Kwa hiyo fanya hesabu kwa kalamu. Chukua daftari, andika majina ya watu wanaokuombea, walioshika vyombo, waliopika, waliobeba maturubai, waliokuja kuungama dhambi zao usiku ule wa mwisho. Andika bila haraka, jina moja moja, hata la yule mtoto aliyekuwa akiwasha jenereta. Kisha mwite mmoja kati ya hao aje aketi nawe, bila ajenda. Aliyenitoa mimi chumbani alikuwa bibi mmoja wa kijijini kwetu, ambaye siku ya tano alipiga hodi, akanisalimu kwa Kigogo, “Mbukwa,” akaingia bila kungoja nimkaribishe, akaweka kibuyu cha uji mezani. Nilianza kumweleza habari za vita vya kiroho. Akanikatiza: “Kunywa kwanza, mwanangu, mengine yapo.” Nilikunywa, naye akakaa kimya akichambua mboga alizokuja nazo, na baada ya saa nzima ndipo aliponiuliza ninaogopa nini hasa.

Jibu swali uliloulizwa

“Unafanya nini hapa, Eliya?” Swali hili Mungu alilileta mtu alipokwisha kula, kulala na kutembea, na hata wewe usilijibu kabla ya hapo. Wakati wake ukifika, lijibu kwa ukweli, kwa sauti au kwa maandishi, bila kulipamba. Huenda utagundua kwamba chini ya hofu kuna jambo jingine. Mimi niligundua kwamba kilichonivunja moyo kuliko ule ujumbe ni taarifa niliyoipata siku iliyofuata, kwamba mmoja wa watu waliochoma hirizi alikuwa amekwenda kutafuta nyingine. Nilikuwa nimetarajia kijiji kizima kigeuke kwa juma moja na kibaki hivyo. Nadhani Eliya naye alitarajia kwamba baada ya moto ule Yezebeli angeshuka katika kiti chake na taifa lote lingerudi, na asubuhi akakuta malkia bado ni malkia.

Mkulima wa Dodoma anaijua hali hii kuliko mhubiri. Mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha, watu hufurahi na kutoka na majembe, lakini hakuna anayeidhania kuwa ni mavuno. Magugu huota pamoja na mbegu, kuna palizi, na mara nyingi mvua hukatika kwa majuma kadhaa katikati ya msimu, mahindi yakasinyaa, na ndiyo sababu wazee wa Kigogo hawakuuacha mtama na uwele. Msimu wetu ni mmoja tu, hadi Aprili hivi, na kati ya mvua ya kwanza na ghala kuna miezi ya kuinama. Mkutano wako ulikuwa mvua ya kwanza. Yule aliyerudia hirizi si ushahidi kwamba mvua haikunyesha; ni shamba linalohitaji palizi, na palizi si kazi ya mtu mmoja aliyechoka.

Ukishaijua sababu, iseme mbele za Mungu kama ilivyo. Eliya alirudia malalamiko yaleyale, neno kwa neno, hata baada ya kuisikia ile sauti, wala Mungu hakumkatiza. Maombi ya siku hizi yawe mafupi. Soma Zaburi ya 42, ambamo mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, kisha ukae kimya. Sikio lililokaa siku saba kati ya vipaza sauti na ngoma halisikii upesi jambo dogo, na kule Horebu Mungu hakuwamo katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto, ingawa moto ndio aliojibia Karmeli. Amka alfajiri kabla upepo wa vumbi haujaanza kuvuma, utembee hadi penye mbuyu au mgunga ulio mbali na nyumba, uketi. Ukipata usingizi hapo, lala. Neno “usiogope” lilimjia Abramu baada ya kuwashinda wafalme na kumwokoa Lutu, si kabla ya vita, na nadhani lilikuja wakati huo kwa sababu ndipo alipokuwa na utulivu wa kutosha kugundua kwamba anaogopa.

Neno kwa washirika

Mkiwa ndugu wa kanisa, msimwite mtu huyu ashuhudie katika mkutano mwingine juma hilohilo. Pelekeni unga, maji na kuni. Mmoja afue nguo, mwingine awatembelee waongofu wapya kwa niaba yake. Msimwulize ametenda dhambi gani.

Kurudi kazini, na maandalizi ya mara nyingine

Mungu alimrudisha Eliya kwa njia ileile aliyoijia, na kazi alizompa zilikuwa mahususi: awatie mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha awe nabii mahali pake. Usirudi, basi, kwa kupanga mkutano mkubwa kuliko ule wa kwanza ili kuthibitisha kwamba hujapoa. Rudi kwa kazi moja yenye jina na mahali. Mimi nilianza kwa kwenda nyumbani kwa yule aliyetafuta hirizi nyingine, nikiwa na mzee mmoja wa kanisa, nikamkuta mtoto wake ana homa kali na hana nauli ya kumfikisha hospitali. Hofu yake ilifanana sana na yangu. Tulichanga nauli, na hatukuzungumza habari za hirizi mpaka juma lililofuata.

Mnapokaa kamati kupanga mkutano ujao, andikeni katika bajeti siku tatu za mapumziko ya mhubiri na mwombaji mkuu, pamoja na chakula chao, kama mnavyoandika mafuta ya jenereta na kodi ya viti. Teueni mapema watu watakaowafuatilia waongofu katika mwezi wa kwanza, wasiwe walewale waliohubiri. Kubalianeni ni nani atakayepokea simu. Na mwenye kuongoza asisafiri peke yake: Eliya alipotoka Horebu alimkuta Elisha akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe, akamtupia vazi lake, na tangu siku hiyo hatusomi tena kwamba aliomba kufa. Mtafute kijana wako mapema, umzoeze, umwambie waziwazi kwamba Jumapili jioni, vigelegele vitakapokwisha, kazi yake ya kwanza ni kukuletea chakula na kuhakikisha umekila.